Fundi Anajibu: Intaneti Kwenye Waya za Umeme

Safari iliyopita niligusia zile adapta za kupitisha data kwenye waya za umeme. Moja unaichomeka soketi ya karibu na ruta na kuiunga na ruta kwa kebo, ya pili unaichomeka chumba cha mbali, na kompyuta ya huko inapata mtandao bila mtu kutoboa ukuta. Tangu hapo simu yangu haijatulia. Nimechukua maswali machache.

Shikamoo fundi. Nikifunga hizo adapta nitapata intaneti bila kununua bando? (Wengi, kuanzia Nkuhungu hadi Manyoni)

Marahaba. Hapana. Adapta ni bomba, siyo kisima. Na swali hili nimelijibu safari iliyopita, aya ya kwanza kabisa.

Ruta iko sebuleni, chumba cha watoto kiko mwisho wa korido na waifai haifiki. Kuta ni za tofali za saruji, umeme ni wa njia moja (fezi moja). Zitanifaa? (Mama wa Kisasa)

Zitakufaa, mama, ila chomeka kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja. Siyo kwenye ekstensheni, na siyo nyuma ya kile kifaa cha kulinda friji. Vifaa hivyo vimetengenezwa kuchuja vurugu kwenye umeme, na data ya adapta kwao ni vurugu tu, wanaichuja pia. Halafu angalia majirani wa hiyo soketi: chaja za simu za bei rahisi na baadhi ya taa za LED hupiga kelele kwenye waya, kasi ikaanguka bila wewe kuona sababu. Kabla ya kunirudia kwamba adapta ni mbovu, chomoa chaja zote upime tena.

Boksi limeandikwa 600, nikipima napata 70. Nimepigwa? (Area D)

Hujapigwa, umesomeshwa boksi. Hiyo 600 ni megabiti kwa sekunde za kwenye waya wenyewe, katika hali ambayo nyumba yako haitaiona, kwenda na kurudi kwa pamoja. Geuza adapta utazame tundu la kebo: nyingi zenye maandishi AV600 zina tundu la megabiti 100. Hata waya ungekuwa wa dhahabu, kupitia mlango huo hutapita 100. Sabini ni nzuri. Acha kupima, fanya kazi.

Nyumba kubwa ina umeme wa njia tatu kwa sababu nina karakana ya kuchomelea uani. Adapta zinaonana ndani, ya karakana haionekani. (Ihumwa)

Karakana iko njia nyingine. Data ikitoka njia moja kwenda nyingine inategemea bahati ya waya kulala pamoja; mara inavuka kwa shida, mara haivuki. Fundi mwenye leseni anaweza kukuhamishia soketi moja ya karakana iwe njia ile ile ya sebuleni, akiona mzigo unaruhusu. Ila mashine ya kuchomelea ikiwaka, usitarajie mtandao. Kwako ningevuta faiba, kebo ya kioo isiyopitisha umeme, kati ya majengo mawili. Kebo ya shaba nje ya nyumba, msimu wa radi, ni kuomba matatizo.

Adapta niliyoletewa ina pini mbili. Ninafungua tundu la juu la soketi kwa kijiti cha kiberiti, inaingia vizuri tu. Inafanya kazi ila inakatika katika. (Chang'ombe)

Hapa naomba nikae kidogo.

Tundu la juu ni la athi, waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja ili usikupige. Kile kifuniko cha ndani kimewekwa ili mtoto asiingize kitu kwenye matundu mawili ya chini, na pini ndefu ya athi ndiyo ufunguo wake. Wewe umempa kijiti ufunguo. Pini mbili nyembamba ndani ya soketi yetu zinacheza, zinapocheza zinapiga cheche, cheche zinaunguza soketi. Kukatika kwa mtandao ni dalili ndogo ya ugonjwa mkubwa. Nunua adapta yenye pini tatu za mraba au rudisha hiyo.

Na siyo wewe peke yako. Mwezi jana niliitwa nyumba moja Ilazo, mpya, marumaru hadi ukutani. Mwenyewe analalamika adapta zake za bei kubwa zinakwenda taratibu. Nikafungua soketi ya chumbani: waya wa athi, ule wa kijani na njano, umekatwa, umekunjwa, umefungwa solotepu na kusukumwa nyuma ya boksi. Nikafungua ya pili, hivyo hivyo. Nje, pale ambapo fimbo ya athi ingekuwa, kuna kipande cha nondo kimeingia ardhini kiasi cha kiganja. Adapta za kizazi kipya, AV2, zenye MIMO (mbinu ya kupitisha data njia kadhaa kwa pamoja) hutumia nyaya zote tatu, laivu, nyutro na athi. Athi isipokuwepo zinarudi kwenye mbili na kasi inashuka. Lakini kasi niliacha kuizungumza siku hiyo. Nilimuuliza kama hita ya maji bafuni nayo imefungwa na fundi huyo huyo. Akanyamaza.

Dodoma ardhi ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Nondo ya kiganja hapa ni pambo. Dai fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, dai apime athi kwa mita mbele yako, akupe namba.

Tumepanga wanne, LUKU moja. Jirani anaweza kuingia kwenye mtandao wangu kupitia soketi yake? (Makole)

Anaweza, kama naye ana adapta na wewe umeacha ya kwako ilivyotoka kiwandani. Nyingi za HomePlug, kiwango kinachofuatwa na adapta nyingi, huanza na nywila ile ile, HomePlugAV. Bonyeza kitufe cha kuoanisha kwenye moja, kisha kwenye ya pili ndani ya dakika mbili. Zitatengeneza nywila yao. Data hufungwa kwa siri kwa usimbaji wa AES wa biti 128. Hata jirani akiwa na LUKU yake peke yake usijidanganye: mita si ukuta wa kuzuia data.

Zitamaliza uniti? (Miyuji)

Moja yenye kula wati 3, mbili ni wati 6. Usiku na mchana kwa mwezi ni kama uniti 4. Ukiwa kwenye bei nafuu ya wasiozidisha uniti 75 kwa mwezi na unaishi ukingoni, zihesabu.

Tangu niweke adapta, redio ya baba mkwe ya masafa mafupi inaunguruma. Mzee amekasirika. (Kongwa)

Ana haki. Adapta zinafanya kazi kuanzia karibu megahezi 2 hadi 30, za AV2 hata zaidi, hapo hapo penye masafa mafupi. Zimeachia nafasi masafa ya wapenzi wa redio, siyo ya vituo vya matangazo. Redio itumie betri na ikae mbali na ukuta wenye waya. Saa ya taarifa ya habari, chomoa. Mkwe ni mkwe.

Umeme ukikatika je, ruta ninayo kwenye betri? (Bahi)

Adapta zimelala.

Naweza kumrushia kaka yangu aliye Singida? (Manyoni)

Hapana. Hata transfoma ya mtaani kwenu haivuki.

Najenga Iyumbu, tumefika lenta. Ninunue adapta zipi? (Mtumishi, Mtumba)

Usinunue. Adapta ni za nyumba iliyokwisha pigwa plasta. Wewe bado una kuta wazi, na nusu ya Dodoma inajenga kama wewe kisha inanipigia simu ikishapaka rangi. Mwambie fundi alaze bomba la pili la PVC, mbali na la umeme, kutoka sebuleni hadi kila chumba, hata ukiliacha tupu na kamba ndani. Ukinunua kebo ya mtandao, kata kipande ukwangue waya kwa kisu: ukiona nyeupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie muuza duka. Kebo ya shaba tupu ya daraja la cat5e inapeleka gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100. Ikibidi kipande kipite nje, na radi nimeshakuonya, iwe yenye ganda jeusi, ya kijivu jua la hapa litaipasua. Na mwambie asilipige plasta bomba kabla hujalipiga picha na simu, chumba kwa chumba.