Banda la gemu si la kuliogopa, lakini ingia ulione

Jirani yangu hapa Jang'ombe alinijia mbio: mwanangu, wakati huo ana miaka 13, kamtia mwenzake ngumi nje ya banda la gemu. Sikuuliza. Nikatoa hukumu ile ile ya barazani kwetu, kwamba gemu za bunduki zimemharibu, nikamwambia asikanyage tena.

Siku ya tatu nikaenda mwenyewe, nikakaa kwenye benchi tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Wengi walikuwa wakicheza gemu za mpira. Lakini kila mechi ina dau: anayefungwa ndiye anayelipia, na nyuma yao vijana wenye ndevu wanawekeana pesa zao. Ngumi ya mwanangu ilitokana na shilingi 1,000 aliyodhulumiwa. Bunduki haikuwamo hata moja.

Nikaanza kusoma. Mwaka 2019 mtafiti Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford na mwenzake Netta Weinstein waliwachunguza vijana wa Uingereza wapatao 1,000, wa miaka 14 na 15, wakawauliza na wazazi wao pia. Hawakuona kwamba wanaocheza zaidi gemu za mapigano ndio wakorofi zaidi. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani nacho kilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kusema gemu hizo ndizo zinazosababisha vitendo vya ukatili. Kilichobaki ni uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana. Huo nauamini, nimeuona sebuleni kwangu.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukisikia mwanao kapigana, uliza kwanza pesa: anapata wapi ya kuchezea, na anadaiwa na nani. Kisha uliza saa. Wangu alikuwa akikosa chuo, yaani madrasa, na kulala saa sita usiku, na mtoto asiyelala hugombana hata na paka.

Umri nao usiupuuze. Grand Theft Auto V huuzwa Ulaya kwa alama ya 18, na pale bandani niliona mtoto wa darasa la pili ameshika pedi anaicheza, miguu haifiki chini. Nilimwambia mwenye banda. Alicheka kwanza, halafu akambadilishia, akamwekea ya magari.

Marufuku niliiondoa. Sasa anacheza nyumbani baada ya isha, saa moja tu, bila dau, na mimi ndiye mpinzani wake. Jana kanifunga sita bila.