Hita haitoi joto? Dashibodi iache kwanza, tazama maji

Ninyi mnaoanza kushika spana hapa Tabora, kabla wiki haijaisha mtasikia mtu akisema: "Hita ya nini na joto lote hili?" Msimkubalie. Anayekwenda Mbeya kwa njia ya Ipole na Rungwa, usiku wa Juni akishapita Chunya ataitafuta hita kwa mikono miwili. Na mvua za Novemba zikianza, kioo cha mbele kikajaa ukungu wa pumzi za abiria, hewa ya moto ndiyo inayokiweka wazi. Ila mimi nina sababu kubwa zaidi. Katika magari mengi tunayopokea, hita haina moto wake, inaazima joto la maji ya injini. Maji hupita kwenye redieta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni inapuliza hewa katikati yake. Kwa hiyo hita ikipoa, huenda injini ndiyo inayolalamika.

Hili nililijua kwa hasara. Mzee mmoja wa Sikonge, mfanyabiashara wa asali, alileta pikapu akaniambia, "Mwanangu, hita inapuliza baridi. Gari likikimbia inapata joto, likisimama inapoa." Geji ya joto ilikuwa chini ya katikati, nikaamini injini ni nzima. Nikashinda kutwa nimefungua dashibodi. Siku ya tatu akanipigia simu yuko porini, gari limechemsha, na silinda hedi ikaja kukutwa imepinda. Maji yalikuwa yamepungua tangu mwanzo. Kihisio cha geji kikibaki hewani badala ya kuzama majini, mshale unaweza kulala chini huku chuma kinaungua. Na mzee alikuwa amenipa jibu lote kwa mdomo wake: injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma gari limesimama, pampu ya maji inazunguka taratibu, na maji yakiwa machache haiwezi kuyafikisha kwenye hita. Nilimsikia, sikumsikiliza.

Basi asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha redieta. Ikiwa ya moto usithubutu, yale maji yanaruka na kubabua uso. Usitosheke na kutazama chupa ya akiba, maana inaweza kuwa imejaa na redieta ikawa na upungufu. Ukikuta maji yamepungua, tafuta yanakopotelea. Kwenye ile pikapu nilikuja kupaona: pale hozi ya hita inapoingia kwenye ukuta unaotenga injini na kabini, chini ya klipu, palikuwa na unga mweupe kama chumvi, eneo la ukubwa wa ukucha. Maji yalivuja injini ikiwa moto, yakakauka kabla ya kudondoka, ndiyo maana chini ya gari palikuwa pakavu siku zote. Kama zulia la mbele limelowa na ndani kuna harufu tamutamu, redieta ndogo yenyewe ndiyo imetoboka.

Ukijaza, toa hewa. Inua pua ya gari, weka hita kwenye joto la mwisho, mimina kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini, taratibu, kisha washa injini kifuniko kikiwa wazi, huku ukiminya hozi ya juu ya redieta. Mapovu yatatoka, kina kitashuka, utaongeza. Mapovu yasipokoma kabisa, shuku gasketi ya hedi, kwamba inapitisha gesi ya injini kwenye maji, na mwambie mwenye gari ukweli huo siku hiyohiyo.

Maji yakiwa sawa, injini ikipata moto, gusa hozi mbili za hita kwa nyuma ya vidole, ukijihadhari na feni. Zote zina moto na hewa ni baridi? Hapo ndipo dashibodi inahusika: mlango wa hewa, kile kibao kinachochagua hewa ya moto au baridi, au waya wake umekwama. Moja moto, nyingine baridi, redieta ndogo imeziba, au vali ya hita, kama gari linayo, haifunguki. Miaka ya kumimina maji ya kisima peke yake huacha kutu na chumvi humo. Zima, subiri ipoe, chomoa hozi zote mbili, pitisha maji ya bomba kinyume na yalivyozoea kwenda, kwa nguvu ndogo. Usiunganishe kompresa, utaipasua.

Zote zikiwa vuguvugu tu, uliza kama kuna aliyetoa themostati, vali inayozuia maji yasiende redieta kubwa mpaka injini ipate moto. Huku kwetu wanaitoa wakidai gari litapoa zaidi. Injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta, na hita barabarani inabaki uvuguvugu. Irudishe. Kabla ya kuifunga, ining'inize kwa waya ndani ya sufuria ya maji jikoni. Nyingi zimeandikwa digrii 82, joto la kuanza kufunguka. Tabora iko juu kama mita 1,200, maji huchemka karibu na 96, kwa hiyo isipofunguka hata yakichemka, ni mbovu.

Feni ni kazi nyepesi. Kama haizunguki kabisa, anza na fyuzi. Ikizunguka kwenye namba ya mwisho tu, resista, kifaa kinachopunguza kasi ya feni, imeungua.

Ukimaliza, usimwachie mteja gari moja kwa moja. Mwambie arudi kesho yake alfajiri, injini ikiwa baridi, ufungue kifuniko naye amesimama hapo, aone mwenyewe maji yamefika wapi.