Fowili ikigoma, anzia kwenye tairi

Mafundi wengi wa kando ya barabara ukiwaambia fowili (gari kuvuta kwa tairi zote nne) haishiki, jibu lao ni moja: "Mzee, transfa hiyo imekwisha, tuishushe." Kushusha transfa, yaani boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma, si kazi ya mchezo, na bei yake unaijua. Mimi nabeba viazi kwa Hilux LN106, ile yenye injini ya dizeli iitwayo 3L, kwenye barabara za ndani za Makete, na transfa ndicho kitu cha mwisho ninachokishuku. Gia zake zimefungiwa ndani na oili. Habu, yaani vifungo vya katikati ya tairi za mbele vinavyoziunganisha na shafti zake, ndizo zinazoshinda kwenye tope na maji.

LN106 ina ekseli nzima mbele, transfa yenye H2 (tairi mbili za nyuma), H4 (tairi zote nne) na L4 (zote nne kwa gia nzito), na habu za kufunga kwa mkono zenye maandishi FREE na LOCK. Ukiweka H4 huku habu ziko FREE, propela ya mbele (shafti inayotoka kwenye transfa) itazunguka na difu (gia zinazogawa nguvu kushoto na kulia) itazunguka, ila tairi hazitakuwa na habari. Tena madereva wengi hawajui kwamba habu moja tu ikigoma, umepoteza tairi zote mbili za mbele. Difu ya kawaida nguvu zake hukimbilia upande usio na upinzani, na upande wenye habu mbovu hauna upinzani wowote.

Taa ya dashibodi nayo isikudanganye. Inawashwa na swichi iliyoko kwenye transfa, kwa hiyo inakwambia habari za transfa tu. Na isipowaka, usikimbilie kusema fowili imekufa. Pengine ni waya uliokatwa na jiwe huko chini.

Kupima hakuhitaji kompyuta. Simamisha gari pahali tambarare, zuia tairi za nyuma kwa mawe mbele na nyuma, zima injini, habu zote FREE. Ingia chini ukamate propela ya mbele. Gari likiwa kwenye H2, propela inatakiwa izunguke kwa mkono. Mwambie mtu asogeze mkono wa gia mpaka H4, ujaribu tena: sasa inatakiwa igome, icheze kidogo tu basi. Ikigoma, transfa yako ni nzima na fundi wa kuishusha mwambie aende akanywe chai.

Halafu rudi H2, funga habu zote LOCK, piga jeki tairi moja ya mbele na uizungushe kwa mkono. Propela lazima izunguke nayo. Ikitulia tuli, kuna habu haishiki. Kumjua mkosaji ni rahisi: tairi iliyo juu inatakiwa kuwa nzito zaidi ukiweka LOCK kuliko FREE, maana inaburuta shafti. Usiposikia tofauti yoyote, ni hiyo. Hamisha jeki upande wa pili upime na ya huko. Jambo moja la usalama: usiwashe injini na kuingiza gia ukiwa H4 na tairi moja iko kwenye jeki. Gari litaruka jeki.

Habu yenyewe unaweza kuifungua mwenyewe. Kifuniko kina bolti sita za spana namba 10. Ndani utakuta vidude vinavyoteleza na springi, na kama gari limevuka mito bila kuhudumiwa, utakuta pia uji wa kahawia uliochanganyika na kutu. Osha kwa dizeli, pangusa, kausha, kisha pakaa grisi nyepesi, utando tu. Fundi anayejaza grisi nzito ya beringi mle ndani anakuharibia, kwa sababu springi inashindwa kusukuma, hasa asubuhi ya baridi ya huku kwetu. Rudisha kifuniko kikiwa FREE, na bolti zake usizikaze kwa hasira, zinakatika. Ukihitaji kutoa habu nzima, nati zake zina washa za koni zilizobana. Usizichokonoe kwa bisibisi. Gonga pembeni kwa nyundo ya shaba, zitachomoka zenyewe.

Malalamiko mengine ni mkono wa gia kunasa H4. Huo mara nyingi si ubovu. Gari hizi hazina difu katikati, kwa hiyo ukitembea na fowili kwenye lami au changarawe ngumu, mbele na nyuma vinavutana mpaka gia zinabanana. Rudi kinyumenyume mita chache, cheza usukani kushoto na kulia, utaachia. Wenye tabia ya kuweka tairi mpya mbele na vipara nyuma wanajitafutia shida hiyo hiyo, maana kimo cha tairi hakilingani.

Mkono ukiwa unaruka kutoka L4 unapopanda mlima, kabla ya kulaumu gia, angalia mauntingi (mipira inayoshikilia) ya gia boksi na mipira ya kebini. Vikishuka, mkono unagonga ukingo wa tundu la sakafu na gia haiingii hadi mwisho. Angalia pia bushi ya plastiki chini ya mkono. Ni kitu cha bei ndogo na huchakaa mpaka mkono unacheza kama mwiko kwenye sufuria.

Wenye Hilux Surf za miaka ya 1990 zenye difu ya mbele inayojiunganisha kwa vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa), nyie habu mnaachana nazo, tafuteni paipu. Mipira hukauka na kupasuka. Kwenye injini za dizeli za familia ya L, pampu ya vakyumu iko nyuma ya oltaneta na ndiyo inayosaidia breki pia, kwa hiyo fowili ikigoma na pedali ya breki ikawa ngumu, anza na pampu hiyo.

Ikibaki sauti ya ka-ka-ka ukikata kona kali ndani ya fowili, hiyo ni jointi iliyo ndani ya nako, kile kiungo cha tufe ambapo tairi hukatia kona. Chungulia nyuma ya tairi: ukiona mchuzi mweusi wa grisi na oili ukichuruzika kwenye lile tufe, sili ya ekseli imeachia na oili ya difu inaosha grisi ya jointi. Hapo mpe fundi kazi, na mwambie abadilishe sili na kusafisha pande zote mbili kwa mkupuo mmoja, kisha apime oili ya difu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Azibue na kile kipaipu cha kupumulia juu ya ekseli, kwa kuwa kikiziba, ekseli ya moto ikizama mtoni inavuta maji kupitia sili, hata ziwe mpya.