Nyumba ya bibi iliyovunjwa Michenzani: pa kuanzia kutafuta

Dada, nimekuelewa: nyumba ya bibi yako Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar nje ya Mji Mkongwe, ilivunjwa kupisha majumba ya ghorofa ya Michenzani, na unataka kujua ilijengwa na nani, lini.

Kabla ya ofisi yoyote, kaa na wazee waliosalia. Waulize majina kamili ya wenye nyumba, msikiti wa karibu, jirani. Namba za nyumba za leo hazitakusaidia, kwani mitaa yenyewe ilifutwa.

Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani. Omba ramani za mji za zamani na hati za mauziano na rehani. Hati nyingi ni za Kiarabu, kwa hiyo tafuta msomaji unayemwamini. Pia ulizia Kamisheni ya Wakfu, maana viwanja vingi vya Ng'ambo vilikuwa vya wakfu, yaani mali iliyowekwa kwa ajili ya dini, hisani au ukoo: nyumba ya mtu, ardhi ya mwingine. Hapo ndipo wengi hukwama, wakitafuta jina la bibi kwenye hati ya kiwanja.

Usimpe dalali hati halisi, mpe nakala. Na ukifikiria kudai fidia, muone wakili kwanza, kwani baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilitangazwa mali ya serikali.