Kishikwambi kinaganda kwenye "Inapata anwani ya IP": kijaribu kwenye mtandao mwingine kabla hujakubali kifutwe

Assalamu alaikum dada, na hamjambo nyote.

Nimelisoma swali lako mara mbili ili nisije nikajibu jambo usilouliza. Umesema kwamba kishikwambi anachosomea mwanao kilikuwa kikifanya kazi vizuri hapo kwenu Majengo, na kwamba tangu juma lililopita kinaganda kwenye maneno "Inapata anwani ya IP", au siku nyingine kinaandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti", ilhali simu yako na ya mumeo zinaitumia Wi-Fi hiyohiyo bila taabu. Umesema pia kwamba fundi amekushauri kifutwe chote na kurudishwa kilivyotoka kiwandani, nawe unauliza kama ukubali. Jibu langu ni kwamba usikubali bado. Nitakueleza sababu kwa urefu, kwa kuwa mimi nilikubali, na nilichopoteza hakijarudi.

Ninaishi Mji wa Kale wa Mombasa, upande wa Kibokoni, katika nyumba ya ghorofa mbili tuliyorithi mimi na ndugu zangu. Familia tatu tunatumia laini moja ya intaneti na ruta moja, yaani kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi. Mwaka mmoja, baada ya mfungo wa Ramadhani, mkesha wa Idi nilikwenda Likoni kwa wakwe zangu, nikasherehekea huko na kulala usiku wa pili. Huku nyuma nyumba yetu ilijaa wageni kutoka Lamu na Malindi, na kila aliyeingia aliomba nenosiri la Wi-Fi kabla hajamaliza kikombe cha kahawa. Niliporejea, simu yangu ilikataa. Nilikaa kitako nikaitazama: maneno "Inapata anwani ya IP" yalikaa kama nusu dakika, yakatoweka, jina la mtandao likarudi kuwa "Imehifadhiwa", kisha mambo yakaanza upya, tena na tena, huku simu za watoto wa dada yangu zikicheza video pembeni yangu.

Niliizima na kuiwasha. Niliusahaulisha mtandao na kuandika nenosiri upya, herufi kwa herufi. Kesho yake nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Aliiunganisha na Wi-Fi ya duka lake, nayo ikafungua kurasa papo hapo, akaniambia kwa mdomo wake mwenyewe: "Hapa yashika vyema, labda programu imevurugika." Sote wawili tulikuwa na ushahidi mbele ya macho yetu kwamba simu ni nzima, lakini hatukuutumia. Akaifuta. Ndani yake mlikuwa na sauti za marehemu baba akisimulia maisha yake ya kazi katika Bandari ya Kale, sauti ambazo sikuwa nimezihifadhi mahali pengine. Niliirudisha nyumbani, na ikaganda vilevile.

Aliyeugundua ugonjwa ni mpwa wangu. Hakuigusa simu yangu hata kidogo. Alichukua simu yake, akafungua kivinjari, akaandika namba iliyobandikwa chini ya ruta, ambayo kwetu ni 192.168.1.1, akaingia kwa jina na nenosiri lililoandikwa hapohapo, kisha akanionyesha ukurasa wenye orodha ya vifaa. Vilikuwa kumi. Ukurasa uliofuata ulionyesha kwamba ruta imepangiwa kugawa anwani kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.109, yaani anwani kumi tu, na kwamba kila kifaa kinakodishiwa anwani yake kwa saa 24.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako, kwa hiyo naomba tutulie hapa kidogo. Kifaa kinapojiunga na Wi-Fi kinapita hatua mbili tofauti. Ya kwanza ni kuonyesha nenosiri na kukubaliwa. Ya pili ni kuomba anwani, kwa maana ya namba itakayoiwezesha ruta kujua kurasa zinazoingia zipelekwe kwa nani. Anwani zikiwa zimekwisha, kifaa kinakubaliwa mlangoni lakini hakipewi kiti, na ndiyo maana ujumbe unaouona hausemi kwamba nenosiri ni baya. Simu ambayo iko nyumbani kila siku huihuisha anwani yake kabla muda wa kukodishiwa haujaisha, na kwa hiyo haiipotezi. Kifaa kinachozimwa au kuondoka kwa zaidi ya muda huo hupoteza nafasi yake, na mgeni wa kwanza kuingia huichukua. Simu yangu ilikuwa Likoni kwa zaidi ya saa 24. Kishikwambi cha mwanao, ikiwa kinawashwa mwishoni mwa juma tu au wakati wa kazi za shule, kiko katika hali hiyohiyo, na hiyo inaeleza vizuri kabisa kwa nini ninyi wazazi mnapata na yeye hapati. Na mgeni akiondoka na simu yake, anwani iliyopewa haiachiwi mara moja. Simu inaweza kuwa imeshafika Lamu na ruta bado inaitunzia kiti mpaka muda wake uishe.

Mpwa wangu alibadilisha namba ya mwisho kutoka 109 kuwa 199, akahifadhi, na simu yangu ikaunganika kabla sijainuka kitini. Kazi nzima haikufika dakika tano.

Nataka pia nilieleze jambo ambalo huwapoteza wengi. Ukiizima ruta kwa dakika moja na kuiwasha tena, mara nyingi tatizo hili hupona, kwa sababu ruta nyingi za bei nafuu husahau orodha ya waliokodishiwa zinapozimwa, na kila kifaa huanza kuomba upya. Watu huona imepona, wakaridhika, na baada ya siku chache yanarudi yaleyale. Kama nanyi mmegundua kwamba stima ikikatika na kurudi kishikwambi hupata mtandao kwa muda, basi dalili hiyo ina uzito mkubwa kwangu kuliko nyingine zote ulizotaja.

Sasa, kabla hujagusa ruta, fanya jaribio moja ambalo ningelifanya mimi mapema ningekuwa na sauti za baba hadi leo. Washa mtandaopepe (hotspot) kwenye simu yako, yaani simu igawe intaneti yake kwa kifaa kingine, uunganishe kishikwambi nao, na ufungue ukurasa wowote mwepesi. Bando litakalotumika ni dogo sana. Kikifungua, kishikwambi hakina ugonjwa wa kustahili kufutwa, na tatizo liko kati yake na ruta yenu. Kisipofungua hata hapo, ndipo uanze kukitilia shaka chenyewe. Hata hivyo, kufuta kunabaki kuwa hatua ya mwisho kabisa. Katika Android kuna chaguo la kurudisha mipangilio ya mtandao peke yake, linalofuta manenosiri ya Wi-Fi na vifaa vya Bluetooth vilivyounganishwa, bila kugusa picha wala masomo ya mtoto. Mwambie fundi aanze na hilo, na kama hajui lilipo, usimwachie kifaa.

Kuhusu siku zile ambazo kinaandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti", hapo anwani imepatikana lakini kurasa hazifiki, na sababu zinaweza kuwa tofauti. Angalia saa na tarehe kwanza. Kishikwambi kilichokaa bila chaji kwa muda mrefu huweza kuamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na kurasa salama hukagua vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, hivyo hukataa kufunguka na kudai kwamba muunganisho si salama. Angalia pia kama mtoto au rafiki yake ameweka programu ya VPN, ile inayopitisha intaneti kwenye njia ya kando, ikasahaulika imewashwa. Kisha fungua maelezo ya mtandao huo na uhakikishe kwamba mpangilio wa IP haukuwekwa kuwa tuli, yaani namba iliyoandikwa kwa mkono, kwa sababu namba ya kuandikwa inaweza kugongana na iliyopewa kifaa kingine, na matokeo yake ni kufanya kazi leo na kukataa kesho.

Sikuona katika maelezo yako kama kishikwambi hutumiwa sebuleni au chumbani, nami ningependa ujibu hilo, kwa sababu kwetu Mji wa Kale nusu ya malalamiko ya Wi-Fi huwa ni ya kuta. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene kuliko urefu wa mkono wa mtoto. Vyumba navyo ni vyembamba, kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko na upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti, kwa hiyo mawimbi hukutana na ukuta baada ya kila hatua chache. Kaka yangu alikuwa ameiweka ruta ndani ya kidaka cha sebuleni, palipokuwa na vyombo vya kaure vya bibi, na kwa macho ilipendeza kweli. Lakini kidaka kimechimbwa ndani ya ukuta, na ruta ikiwa humo imezungukwa na jiwe nyuma, kushoto, kulia, juu na chini. Tuliihamishia kwenye rafu iliyo wazi karibu na ngazi, mahali ambapo mawimbi yanapata njia ya kupanda, na chumba cha juu ambacho hakikuwahi kupata kitu kikaanza kupata.

Jambo linalohusiana na hilo ni masafa. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili, ya GHz 2.4 na ya GHz 5. Yale ya GHz 5 yana kasi zaidi lakini hudhoofika haraka yakikutana na ukuta, na yale ya GHz 2.4 hupenya vizuri zaidi ila hubanana sana katika mitaa yenye nyumba zilizosongamana kama Majengo, kwa sababu kila jirani anayo. Vishikwambi vingi vya bei nafuu havipokei GHz 5 kabisa. Kwa hiyo ikiwa simu yako inaona majina mawili ya mtandao wenu na kishikwambi kinaona moja tu, usidhani kimeharibika. Katika GHz 2.4 kuna chaneli, yaani njia za mawimbi, tatu zisizoingiliana, nazo ni 1, 6 na 11, na ukizijaribu moja baada ya nyingine katika ule ukurasa wa ruta, unaweza kupata iliyo na msongamano mdogo. Mimi nilitulia kwenye 11, ingawa jirani yako anaweza kukulazimisha uchague nyingine.

Chumvi ya bahari nayo tusiisahau. Kichwa cha waya unaoingia kwenye ruta yetu kiliwahi kuota kutu ya kijani kwenye vipande vya shaba, na intaneti ikawa inakuja na kuondoka kwa familia zote tatu kwa pamoja. Hilo lilikwisha kwa kubadilishwa kichwa. Kwa kuwa kwenu simu zinapata, sidhani kama ndilo linalokusumbua.

Vilevile kuna siku ambazo hakuna kifaa cha mtu yeyote chenye kosa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Kuna watu ninaowajua hapa mtaani waliopeleka simu zao zikafutwe siku ile. Kulitambua ni rahisi: kama ukurasa wa ruta, ile 192.168.1.1, unafunguka vizuri lakini kurasa za nje hazifunguki kwa kifaa chochote, basi kosa si la vifaa; ukishahakikisha kichwa cha waya wa ruta ni kizima, aghlabu njia imekatika nje ya nyumba yako.

Kwa usiku wa leo, dada, naomba ufanye mambo mawili tu. Kijaribu kishikwambi kwa mtandaopepe wa simu yako. Kisha fungua ukurasa wa ruta, uhesabu vifaa vilivyoorodheshwa, na usome anwani ya kwanza na ya mwisho inayogawiwa. Utuandikie hapa idadi hiyo na namba hizo mbili, lakini usiandike nenosiri la ruta wala kupiga picha ya kibandiko chake. Kama idadi ya vifaa imelingana na idadi ya anwani, nitakuelekeza hatua kwa hatua namna ya kuipanua, na mwanao atarudi kwenye masomo yake na kila kitu chake kikiwa mahali pake.