Kd ya tope bichi isikulaze usingizi

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi sanifu wa maji hapa Chunya. Tumechimba tope la lambo lililo chini ya sehemu ya kuchenjulia dhahabu, tukalirundika mita 40 kutoka kisimani. Kwa Kd (kipimo cha jinsi udongo unavyoshika metali; ikiwa kubwa, metali husafiri polepole) ya lita 10 kwa kilo, nimepata miaka zaidi ya 200 kabla metali hazijafika kisimani. Tuko salama?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Hesabu yako haina kosa. Maji ya ardhini yakienda mita 10 kwa mwaka, udongo ukiwa na kilo 1.5 kwa lita na vitundu asilimia 30, maji hufika kisimani kwa miaka 4, na metali huchukua mara 51 ya muda huo: miaka 204. Wasiwasi wangu uko kwenye hiyo Kd. Iwapo ilipimwa kwa tope bichi, haifai tena.

Chini ya lambo hakuna oksijeni, kwa hiyo metali hufungwa na salfaidi, yaani misombo ya salfa. Ndiyo maana tope hutoka jeusi, likinuka yai viza. Nenda kapasue bonge moja la rundo lako. Ukikuta nje pamekuwa na rangi ya kutu na ndani bado peusi, salfaidi imeanza kuungana na hewa na kuzaa asidi. Asidi hiyo huachia zinki na kadimi, kisha hushuka na mvua na kudhoofisha hata udongo wa chini uliotegemea uzishike. Kd ikishuka hadi 0.5, miaka 204 inakuwa 14. Na tope likishapasuka nyufa, maji hayasubiri hesabu ya mtu.

Zebaki ni habari nyingine. Hung'ang'ania chembe laini, hivyo naiogopa zaidi ikirudishwa lamboni na mafuriko, ambako bakteria huigeuza methili-zebaki, aina yenye sumu kali, ikaingia kwenye samaki. Zungushia tuta leo.

Kisha jaza tope lililokauka kwenye bomba la inchi 4, mimina maji ya mvua, acha likauke wiki moja, rudia mara tano au sita. Pima pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ya maji yanayodondoka kila mara, na sampuli zipeleke maabara zikapimwe metali. Matokeo hayo ndiyo uyaingize kwenye hesabu yako badala ya ile Kd ya tope bichi. pH ikishuka chini ya 5, changanya chokaa ya kilimo na ulifunike rundo kabla ya mvua za Desemba. Maji ya kisima yapimwe sasa hivi, upate kianzio.