Farasi saba na deni la nyasi: usiweke kiwanja rehani

Ndugu yangu, umeeleza kwamba farasi saba uliowaokoa baada ya kuchakazwa na kazi ya ufukweni wamekula akiba yako yote, na kwamba sasa unafikiria kuweka rehani kiwanja cha Kisauni ili ulipe deni la nyasi na kuwapokea wengine wawili.

Nakusihi usifanye hivyo, kwa kuwa mkopo hulipwa na kitu kinachozalisha, ilhali farasi mzee hazalishi ila samadi (ambayo, kwa hakika, wenye bustani hununua). Farasi wa kilo 400 huhitaji malisho makavu ya takriban asilimia 2 ya uzito wake kila siku, yaani kilo 8. Saba wako basi hula kilo 56, karibu tani 1.7 kwa mwezi, kabla hujamlipa daktari wa mifugo wala mkata kwato, ambaye huhitajika kila baada ya wiki sita hadi nane.

Nunua nyasi kwa wingi baada ya masika, bei inaposhuka, lakini uziinue juu ya mbao, maana unyevu wa Mombasa huleta ukungu, na nyasi zenye ukungu huweza kumletea farasi msokoto wa tumbo ambao tiba yake itakugharimu kuliko robota lenyewe. Chanjo ya pepopunda usiipunguze kamwe.

Hao wawili uwakatae kwa sasa, au uwapokee pale tu mwenye kuwaleta atakapokubali kwa maandishi kuchangia malisho yao.